Msiba Uliouficha Ndio Utafiti Wako

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu ni kuhusu utani kwenye misiba, kijijini kwetu, milimani Uluguru. Nimewahoji watu 14 na karibu wote wamenipa maneno yaleyale: 'Utani ni mila yetu, unaleta upendo, unapunguza majonzi.' Rafiki yangu anayesoma takwimu alicheka, akasema watu 14 si utafiti. Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa sura ya nne: 'Haya ni maelezo. Uchambuzi uko wapi?' Mimi mwenyewe ni Mluguru, na hao watani ninaowaandika ni watani wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo wapo wanaoniambia siwezi kuwa huru kimawazo. Halafu kuna msiba mmoja niliourekodi kwa simu uligeuka ugomvi. Mtani alimtania mjane, mama wa watu akaangua kilio, wazee wakaingilia kati. Hilo sijaliandika popote, naona litaharibu sura ya mila zetu. Nimebakiza miezi minne. Nianze upya na dodoso la watu 200, au kazi hii inaokoka?"

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza macho yangu yalikwenda kwenye watu 14 na dodoso, kama ulivyotaka. Mara ya pili nikaona kwamba jambo kubwa umelisogeza mwishoni, mithili ya mgonjwa anayemweleza daktari mafua kwa nusu saa, kisha akiwa anaaga ndipo anataja uvimbe. Msiba ule uliogeuka ugomvi ndio sehemu ya kazi yako iliyo hai kuliko zote. Kwa hiyo usianze upya, na hayo madodoso 200 yaache. Ila pia usiwasilishe kazi kama ilivyo. Nitakueleza kwa nini, na nitakwambia mahali ambapo unapaswa kusimama kabisa kabla hujagusa kalamu, maana kuna mtu aliyelia, na kilio chake si mali yako.

Tuanze na rafiki yako. Kwa swali la fani yake, yuko sahihi. Kama ungetaka kujua ni kaya ngapi katika kata yenu bado huwaita watani kuchimba kaburi, na kama idadi hiyo inapungua, watu 14 wasingetosha hata kidogo, na tena ungelazimika kuwachagua kwa bahati nasibu ili usije ukawa umewahoji jirani na shangazi tu. Lakini swali lako ni jingine. Unataka kujua utani unafanya kazi gani pale msibani, na unaifanyaje. Ukitaka kujua bodaboda ngapi Morogoro mjini zina injini mbovu, utazihesabu. Ukitaka kujua injini inavyofanya kazi, utafungua moja, taratibu, kila skrubu ukiiweka mahali utakapoikumbuka. Zote mbili ni kazi za kisayansi, na moja haina haki ya kuicheka nyingine.

Fani yetu, anthropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu, ina mifano mashuhuri ya kufungua injini moja. Tarehe 7 Januari 1938 Max Gluckman, mzaliwa wa Johannesburg, alihudhuria ufunguzi wa daraja katika nchi ya Wazulu. Aliandika nani walisimama wapi, nani walikunywa chai na nani walikunywa bia, nani alizungumza na nani. Kutokana na siku ile moja akaonyesha jinsi Wazungu na Wazulu walivyotengana na papo hapo wakategemeana. Uchambuzi huo ulitoka 1940 na hadi leo unafundishwa. Clyde Mitchell naye, katika chapisho lake la 1956, aliichukua ngoma moja tu, kalela, aliyoiona Luanshya, mji wa migodi ya shaba katika Zambia ya leo. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Wabisa waliovaa mashati safi na suruali zilizopigwa pasi. Mmoja alikuwa "daktari" mwenye joho jeupe, na mwanamke mmoja alikuwa "nesi" akipita na kioo na leso. Nyimbo zao ziliwakejeli watu wa makabila mengine, na hao waliokejeliwa walikuwa palepale wakitazama na kucheka. Mitchell alijiuliza kwa nini hawakasiriki, na swali hilo likampeleka moja kwa moja kwenye utani wa makabila. Chapisho hilo litafute, kwa sababu linagusa jambo lilelile unalolishughulikia.

Tatizo la watu wako 14, basi, si idadi yao. Ni kwamba wote wamekupa sentensi moja. Wanafunzi wengi wakisikia jibu lilelile kwa mara ya kumi huandika kwa furaha kwamba taarifa zimekomaa, hakuna jipya tena. Neno hilo lina masharti. Taarifa hukomaa pale ulipolizunguka jambo kila upande, ukauliza kwa njia mbalimbali, ukatazama, ukahesabu, na bado hakuna kipya kinachojitokeza. Wewe uliuliza kwa njia moja. Uliuliza "utani ni nini na una faida gani", nao wakakujibu kama mtu yeyote muungwana anavyojibu akiulizwa na mtoto wa ukoo aliyerudi kutoka chuo kikuu. Ukimuuliza mtu kanuni, atakupa kanuni. Hajakudanganya. Amekuonyesha sebule yake, na wewe hukuomba kuingia jikoni.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nikiwa kijana nilikaa kwenye diko moja la wavuvi katika pwani ya kusini, nikitaka kujua mapato ya samaki hugawanywaje. Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: fungu la chombo, fungu la nyavu, na kinachobaki mabaharia hugawana sawasawa. Nikaandika hivyo wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne nilichoka kuuliza, nikawa nasaidia tu kuvuta mashua. Ndipo nikaiona ndoo. Kabla samaki hawajamwagwa mahali pa mnada, ndoo moja ilipita pembeni kimyakimya, na mikono ikawa inachukua: mzee asiyekwenda baharini tena, mwanamke aliyefiwa na mume, mtoto aliyeshika kamba dakika tano. Nilipouliza mbona hamkuniambia, nahodha alinishangaa kweli. "Hicho ni kitoweo," alisema. "Wewe uliuliza mapato." Kama ningeondoka wiki ya tatu, ningeandika tasnifu nzima ya mgawanyo wa samaki nikiwa nimeacha nje wazee na wajane waliokula kwa ndoo ile kila siku.

Hiyo ndiyo sababu ya uchunguzi shirikishi, yaani kukaa na watu, kufanya nao wanachofanya, na kutazama huku ukishiriki. Aliyeufanya uwe nguzo ya fani yetu ni Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918. Katika kitabu alichokitoa 1922 alisema mtafiti anahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni mifupa ya jamii: koo, kaya, ramani, nani ndugu wa nani. Cha pili ni nyama na damu, yale mambo madogomadogo ya kila siku ambayo hakuna mtu atakayekusimulia ukimhoji kwa sababu kwake hayana habari: sauti iliyopanda, mtu aliyekaa mbali, kicheko kilichochelewa. Cha tatu ni kauli za wenyewe, maneno yao, methali zao, jinsi wanavyojieleza. Ukiipima kazi yako kwa vitu hivyo, unacho cha tatu kwa wingi, cha kwanza kwa nusu, na cha pili kipo ndani ya simu yako na kichwani mwako, hakijaandikwa.

Sasa nije kwenye maneno ya msimamizi wako, ambayo najua yameuma. Maelezo na uchambuzi hutenganishwa na kitu kidogo ambacho mwanaanthropolojia Clifford Geertz alikieleza vizuri mwaka 1973, akiazima mfano wa mwanafalsafa Gilbert Ryle. Vijana wawili wanafumba jicho moja haraka. Kwa kamera ni tendo lilelile. Lakini mmoja jicho limemcheza tu, na mwingine amekonyeza. Wa tatu akija akafumba jicho vilevile kumwigiza yule aliyekonyeza, tayari tuna tendo moja lenye maana tatu. Nami huwaongezea wanafunzi wangu ya nne: kwetu wapo wanaoamini kwamba hata jicho likicheza lenyewe linatabiri, mgeni yuko njiani au kilio kinakuja. Uchambuzi ni kazi ya kueleza mtu anajuaje, papo hapo, ni ipi kati ya hizo. Katika msiba wako, watu walijuaje kwamba utani ule si utani tena?

Kazi hiyo huanzia kwenye daftari. Nikiisoma sura yako ya nne kwa kukisia kutokana na barua, naona sentensi kama hii: "Watani walifika, wakatania, watu wakacheka, kisha wakapewa fedha." Linganisha na maandishi ya namna hii, niliyoyaunda kutokana na misiba mingi niliyohudhuria:

"Saa nane mchana. Jeneza liko kama hatua kumi kutoka kaburini. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati la kijani, anashuka kaburini, analala chali, anakunja mikono kifuani. 'Hapa pangu, nimeshalipia. Huyo mtafutieni kwingine.' Vijana wanacheka. Wazee wawili wameinamisha vichwa, sioni kama wanacheka. Mjomba wa marehemu anatupa noti ya elfu mbili. Mtani anaiokota, anaitazama juani, anaitupa nje: 'Deni lake kwangu halikuwa la chumvi.' Noti ya pili inatoka kwa mtu nisiyemjua, upande wa wanawake. Mtani anatoka, anajikung'uta udongo, halafu yeye ndiye anayeshika kamba upande wa kichwani kuteremsha jeneza."

Hapo hakuna nadharia hata moja, lakini maswali yanajileta yenyewe. Kwa nini aliyetoa ni mjomba, si mtoto wa marehemu? Yule wa pili ni nani, na anamlipia nani? Mbona aliyezuia mazishi ndiye aliyeyakamilisha? Sentensi ya kwanza haiwezi kuzaa swali lolote kwa sababu kila kitu kimeshakandamizwa ndani ya neno "wakatania". Andika siku hiyohiyo kabla hujalala. Na tenganisha mambo matatu kwa alama zako mwenyewe: nilichoona, nilichoambiwa, ninachodhani. Nimeona tasnifu nzuri zikiharibika kwa sababu miezi sita baadaye mwandishi hakuweza tena kujua lipi lilikuwa lipi.

Jambo jingine lililomsumbua msimamizi wako, nadhani, ni kwamba umeyachukua maelezo ya wenyeji ukayafanya hitimisho lako. "Unaleta upendo" ni kauli ya wenyeji, na ina thamani kubwa, lakini ndiyo inayotakiwa kuelezwa. Haiwezi kuwa yenyewe tena maelezo. Mwanaisimu Kenneth Pike, miaka ya 1950, aliutenganisha mtazamo wa ndani, emiki, na mtazamo wa nje, etiki, na maneno hayo aliyatoa kwenye elimu ya sauti. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunamwelewa haraka. Kwetu *kula* na *kura* ni mambo mawili, lakini zipo lugha za jirani ambazo *l* na *r* ni sauti moja inayobadilika tu mdomoni. Mashine itakuonyesha tofauti ya mawimbi ya sauti. Haiwezi kukwambia ni tofauti ipi ina maana kwa wasemaji. Mtafiti anahitaji vyote viwili, na anahitaji kujua kila wakati anasema kwa sauti gani. Uandike "wazee wanasema utani huleta upendo", kisha uulize wewe: upendo wa namna gani huu unaoletwa kwa matusi, na mbona hauletwi na ndugu wa damu?

Hapo ndipo nadharia inapoanza kukusaidia. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown, katika makala yake ya 1940, alisema utani ni uhusiano ambao mtu anaruhusiwa na desturi, na wakati mwingine analazimika, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake halazimiki tu kuvumilia bali hatakiwi kukasirika. Maelezo yake yalikuwa kwamba hali hiyo hutokea pale watu wanapokuwa wameunganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja. Hawako mbali kiasi cha kuwa maadui, hawako karibu kiasi cha kuwa ndugu. Dhihaka hubeba ule utengano, kutokukasirika hubeba ule muungano. Msomaji wa Kitanzania hahitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Magazeti yanawaita Simba na Yanga watani wa jadi kila wiki, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Na Waluguru wenyewe hawakusahauliwa. Mwaka 1963 James Christensen alichapisha makala kuhusu utani wao, akieleza dhihaka, uhuru wa maneno na wajibu unaoambatana nayo. Miaka ya 1940 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani kule Usambara, alikusanya habari za utani wa makabila mbalimbali ya Tanganyika. Kama hawa wawili hawamo katika mapitio yako ya maandiko, waingize wiki hii. Utakutana pia na maelezo ya chimbuko, kwamba utani ulitokana na misafara ya wapagazi Wanyamwezi kuelekea pwani, au na vita vya Wangoni vilivyoishia kwenye amani. Yasome, ila usiyape kazi isiyo yao. Kujua jambo lilianzaje si sawa na kujua leo linafanya nini. Mtani aliyelala kaburini jana hakulala kwa ajili ya msafara wa karne ya 19.

Sasa iweke nadharia ya Radcliffe-Brown mbele ya msiba wako. Yeye anasema anayetaniwa hakasiriki. Wewe umeona mtu amekasirika, amelia, na wazee wameingilia. Kitu kimekatika, na pale kamba inapokatika ndipo unapoona ilikuwa imebeba mzigo gani. Misiba 20 iliyokwenda sawa isingekuonyesha mpaka uko wapi. Huu mmoja unaonyesha.

Nina dhana moja, na naomba uichukue kama dhana tu. Kwenu ukoo unafuata mama, na mume na mke hutoka koo mbili tofauti. Utani wa Waluguru hupita kati ya ukoo na ukoo. Basi mtani wa marehemu si lazima awe mtani wa mjane. Inawezekana yule bwana alikuwa na haki kamili ya kuicheza maiti na kuwadhihaki wajomba wa marehemu, lakini alipomgeukia mjane alivuka mstari ambao hakuna aliyeuchora, ila kila aliyekuwepo aliujua. Inawezekana pia siyo hivyo kabisa. Labda mjane ni mgeni wa eneo hilo na kwao hakuna utani wa msibani. Labda maneno yaligusa jinsi marehemu alivyokufa. Labda alitania mapema mno, kabla ya udongo kuingia. Labda ndani ya familia hiyo dini imebadilisha mambo, na wapo wanaoona utani huu ni ushenzi wa zamani. Labda ni fedha. Kila "labda" hapo ina namna yake ya kuchunguzwa, na huo uchunguzi ndio uchambuzi ambao msimamizi wako anautafuta.

Ili kuijaribu dhana ya kwanza unahitaji michoro ya nasaba. Njia hii aliitengeneza W. H. R. Rivers, daktari Mwingereza, kutokana na msafara wa 1898 kwenye mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, na bado haijapata mbadala. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya sawasawa ni ndoa. Siri yake ni kuuliza majina kabla ya vyeo vya udugu. Ukimuuliza mtu "huyu ni nani wako?" atasema baba, na kumbe ni baba mdogo, atasema mama, na kumbe ni dada wa mama. Uliza: "Mama aliyekuzaa anaitwa nani? Alizaa nani wengine? Ukoo wake?" Chora mjane, marehemu, yule mtani, na kila mzee aliyeingilia. Mchoro mmoja wa ukurasa mzima unaweza kukupa jibu ambalo watu 14 hawakuweza kukupa kwa maneno.

Kuhusu wewe kuwa Mluguru. Wanaokwambia mwenyeji hawezi kuwa huru kimawazo wanadhani yupo mtu aliye huru. Shajara binafsi ya Malinowski ilipochapishwa 1967 ilionekana jinsi mgeni huyo alivyojaa hasira, upweke na dharau kwa watu aliowaandika kwa utulivu vitabuni. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyesomea anthropolojia Oxford, ameeleza jinsi alivyopinga darasani pale walimu walipowaita Waafrika washenzi. Mgeni ana upofu wake, na mwenyeji ana wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na nadhani ndiyo: mgeni huuliza maswali ya kijinga ambayo mwenyeji anaona aibu kuyauliza. Lakini mgeni huyohuyo angehitaji mwaka mzima kujua kwamba wazee wawili walioinamisha vichwa hawakuwa wakisali.

Hatari ya mwenyeji ni nyingine, na ningependa uitazame usoni. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski London na mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu Wakikuyu, watu wake. Ni kazi kubwa, yenye maarifa ambayo hakuna mgeni angeyapata. Lakini aliandika akiwa pia mtetezi, wakati wakoloni na wamisionari wakizishambulia mila, na akaitetea hata tohara ya wasichana. Mtetezi huondoa yale yanayouma. Wewe umeondoa kilio cha mwanamke mmoja ili mila ionekane nzuri. Sikulaumu, najua unaandika ukijua shangazi zako watasoma. Ila mila isiyo na ugomvi ndani yake ni mila ya kwenye kalenda za watalii. Watu wazima wa kijiji chako wanagombana juu ya utani, wanaupatanisha, wanaubadilisha. Hiyo ndiyo heshima unayoweza kuwapa: kuwaonyesha wakifikiri. Weka kurasa mbili katika sura ya mbinu ueleze wewe ni nani, ukoo gani, nani alikukaribisha na nani alikunyamazia kwa sababu ya ukoo huo.

Lakini rekodi ile ya simu. Hapa simama. Barua ya kibali kutoka chuoni, iliyopita mkoani, wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji, inakuruhusu kufanya utafiti. Haikuruhusu kumrekodi mtu akilia. Ridhaa haitolewi na mtendaji wala na mwenyekiti kwa niaba ya mfiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakuhusu, na kamati ya maadili ya chuo chako itataka kujua. Usiitumie, usimsikilizishe mtu yeyote, usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mpaka umeonana na yule mama. Na usidhani kumpa jina la kubuni kutamficha. Kijiji kizima kinajua ni mjane gani alilia. Ukichanganya mambo ya misiba mitatu ili asitambulike, utakuwa umetunga msiba ambao haukutokea. Njia iliyo safi ni kumwomba, kumweleza utaandika nini na nani watasoma, kumsomea sehemu inayomhusu kwa lugha anayoielewa, na kukubali akisema hapana. Akikataa, futa, na uandike kuhusu mipaka ya utani kwa kutumia visa vya zamani ambavyo wahusika wake wamekubali.

Kwa hesabu ya miezi minne, ningefanya hivi. Dodoso la watu 200 litakula muda na nauli, na likiuliza maswali uliyouliza litakurudishia "unaleta upendo" mara 200. Kuandika upya ulichonacho bila kurudi kijijini kunawezekana, na utafaulu, lakini kwa kazi ambayo wewe mwenyewe hutaipenda. Kurudi wiki tano au sita ndiko ninakokushauri. Huwezi kukaa ukisubiri watu wafe, na usijaribu. Kusanya historia za misiba ya miaka mitatu iliyopita: nani alifariki, nani alichimba, watani wa ukoo gani walikuja, walidai nini, walipewa nini, nani alikasirika, ilimalizwaje. Visa kumi vilivyosimuliwa na watu wawili au watatu kila kimoja, ukiwamo upande wa wanawake, vitatosha. Tazama utani nje ya msiba pia, harusini, kilabuni, shambani. Na warudie wale 14, safari hii bila "utani ni nini". Waambie: "Nisimulie mara ya mwisho ulipotaniwa ukaumia." Halafu kaa kimya.

Kuna mambo ambayo mimi wa mbali sifai. Michoro ya nasaba ipeleke kwa msimamizi wako ana kwa ana, ikiwa mezani kati yenu, msiijadili kwa barua pepe. Suala la rekodi lipeleke kwenye kamati ya maadili kabla hujarudi kijijini. Ikiwa utasikia kwamba mjane anatuhumiwa uchawi juu ya kifo kile, ananyang'anywa shamba au anatishiwa, utafiti unasimama siku hiyo. Unamtafuta afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na unafanya hivyo kwa kumshirikisha yeye kwanza. Na misiba inachosha hata mtafiti. Ukiona hulali, au vicheko vya makaburini vinakurudia usiku, zungumza na mshauri wa wanafunzi au mtu unayemwamini, usijikaze.

Ukifika kijijini, kabla ya michoro na kabla ya visa, pita kwa yule mama. Nenda na shangazi yako, mchukulie kilo mbili za sukari, simu na daftari viache nyumbani. Mpe pole ambayo huenda hukumpa siku ile kwa sababu ulikuwa unarekodi.